Mdomo Tu Ndio Uko Nje

Jumanne ya mwisho kabla ya Pentekoste, Zillah Pickup alifungua kabati la jikoni la kanisa la Ebeneza akakuta birika halipo.

Usifikirie birika la kushika kwa mkono mmoja. Hili lilikuwa la shaba, lenye koki mbele na masikio mawili ubavuni, na lilitoa vikombe mia mbili bila kupumzika. Kwa miaka kumi na mmoja Zillah ndiye aliyelisugua, akalijaza na kulichemsha kila palipokuwa na harusi, msiba au kikao, na watu wa Bracklow walisema chai ya Ebeneza ingeweza kumwamsha maiti akauliza kama keki ipo. Jumatatu ijayo kanisa zima lingezunguka mji na bendera zake, lirudi na kiu ya mbwa, na birika ndilo hilo halipo.

Aliyeitwa kwanza alikuwa Mchungaji Pilling, kijana mwenye shingo ndefu na adabu nyingi. Alitazama ndani ya kabati. Akatazama nyuma yake, halafu juu yake. Mwisho akafunua bakuli la sukari akachungulia.

"Bi Pickup," alisema taratibu, "mimi sikushuku hata kidogo."

Mpaka dakika ile Zillah hakuwa amewaza kwamba kuna mtu wa kumshuku. Alihisi masikio yanapata moto.

"Unishuku mimi? Nilipeleke wapi, Mchungaji? Naishi peke yangu. Vikombe mia mbili vya chai nimpe nani, paka?"

"Ndiyo maana nasema sikushuku. Ila funguo za kabati ni mbili tu. Mmoja unao wewe, na mwingine anao Bi Hephzibah Sugden, naye yuko Southport kwa dada yake aliyevunjika mguu. Na kufuli halikuvunjwa." Akakohoa. "Lakini sikushuku."

Alipoondoka, Zillah alipiga magoti mbele ya lile kabati na mshumaa. Hakuona kitu ila punje tatu za shayiri. Alizifunga kwenye kitambaa chake cha mkononi, akaenda nyumbani, akalala bila kula.

Asubuhi yake aliwaambia wenzake, na aliwaambia kwa midomo. Ndani ya kiwanda cha nguo walikofanya kazi, mashine mia tatu zilipiga kelele kwa pamoja tangu alfajiri, ukipiga ukelele hata wewe mwenyewe hujisikii. Kwa hiyo wanawake wa pale walizungumza bila sauti, wakiumba kila neno kwa mdomo mpana kama mtu anayetafuna kiazi cha moto, na mwenzako akalisoma hata akiwa hatua arobaini. Walizoea mpaka wakawa wanafanya hivyo barabarani, na kanisani wakati wa mahubiri ndiyo usiseme.

"Limeibwa?" aliuliza Keziah Duckworth kutoka mashine za jirani. Keziah alikuwa mnene, mcheshi, mama wa watoto saba, na kila habari ndogo ilipoingia masikioni mwake ilitoka kubwa.

"Limeibwa."

"Na nani?"

"Ningemjua ningekuwa nimesimama hapa nakwambia wewe?"

"Watu wanasema nini?"

"Watu wananiamkia kwa huruma. Afadhali wangenitukana."

Upande wa pili alikuwepo Dorcas Holt, mwanamke mrefu wa miaka thelathini, mikono kama ya mhunzi, ambaye kwa siku alitumia maneno kama kumi hivi. Zillah alimwonyesha zile punje.

"Supu," alisema Dorcas kwa midomo.

"Mwizi wa birika anakuja na supu?"

Dorcas aliinua mabega. Maneno ya siku alikuwa bado anayapangia matumizi.

Waliamua watautafuta ule ufunguo wa pili. Alhamisi jioni jua likiwa bado juu, wote watatu walivaa shali zao, wakaburuta viatu vyao vya mbao mpaka nyumbani kwa Bi Hephzibah, wakagonga. Alifungua mume wake, Enoch Sugden. Huyu alikuwa fundi wa mashine pale pale kiwandani, mtu mpole mwenye masharubu mazito yaliyomwangukia mdomo wote kama pazia. Mafundi wa mashine tunawajua, akili zao huenda kinyumenyume. Enoch ndiye aliyeandika namba ya nyumba yake upande wa ndani wa mlango ili mvua isiifute.

"Fundi, habari za jioni," alisema Zillah. "Tumekuja kuuliza ule ufunguo wa kabati la kanisa."

"Ufunguo?" Enoch alifungua mlango kiasi cha pua tu. "Ufunguo gani? Sijui funguo mimi. Funguo zote ni za bibi yangu. Bibi yangu hayupo. Yuko Southport."

"Dada yake anaendeleaje na mkono?" alidakia Keziah.

"Mkono unaendelea vizuri."

"Si alivunjika mguu?"

Jasho likamtiririka Enoch. "Na mguu pia," alisema, akafunga mlango.

Wanawake wakabaki wanatazama namba ya nyumba ambayo haikuwepo.

"Mmesikia?" alisema Keziah, na safari hii alitumia sauti. "Mmesikia jinsi alivyosema 'hayupo'? Mume akisema mkewe hayupo kwa sauti ile, shoga yangu, basi kweli hayupo!"

"Keziah, tunatafuta birika."

"Wewe tafuta birika. Mimi namtafuta Hephzibah."

Zillah alimcheka njia nzima. Hakujua kwamba Jumamosi kicheko kitamwishia.

Jumamosi kiwanda kilikuwa kikifungwa saa sita mchana. Kama saa nne na nusu hivi, Zillah akiunga uzi uliokatika, aliinua macho akamwona Enoch kwenye mlango wa ghala anaongea na Job Rigby, mtunza ghala. Enoch alitazama kushoto, akatazama kulia, akashika kola ya Job. Mtu akishika kola ya mwenzake ana neno. Zillah akakaza macho.

Sasa, katika kusoma midomo kuna herufi tatu zenye matata: m, b na p. Zote tatu mdomo unafumba, na kwa macho hazina tofauti. Mtu akisema mama, baba au papa, wewe unaona kitu kimoja tu. Ongeza masharubu ya Enoch Sugden juu yake, utakuwa unasoma barua kupitia pazia, na nusu ya silabi unazikisia. Lakini Zillah alikuwa na miaka thelathini na minne kwenye kazi hiyo, akajiamini. Alichosoma ni hiki:

"Bibi nimemzika bustanini, nyuma ya banda. Mdomo tu ndio uko nje."

Job akasema kitu, lakini alikuwa amegeuka.

"Ameanza kunguruma," alisema Enoch. "Leo saa nane njoo, tunammaliza."

Uzi ulimponyoka Zillah. Aligeuka kwa Keziah akamweleza yote neno kwa neno, na Keziah, ambaye tangu juzi alikuwa akisubiri habari kama hii, kwanza alipauka, halafu akawa mwekundu, halafu uso ukakaa rangi ya katikati.

"Mdomo tu ndio uko nje?"

"Ndivyo alivyosema."

"Huyo ni Hephzibah kweli," alisema Keziah. "Nani mwingine utamzika, halafu mdomo ubaki nje?"

"Twende polisi," alisema Zillah.

"Ukaseme nini? Wiki nzima mji unakushuku birika, leo uje na maiti inayonguruma? Watakufunga wewe."

Wakamtazama Dorcas. Dorcas alizima mashine moja, akafikiri, akasema neno moja: "Sepetu."

Saa saba na robo walikuwa wanapanda njia ya bustani za mtaa, zile zilizo juu ya reli, kila mmoja na sepetu begani. Hephzibah Sugden hakuwa rafiki wa Zillah. Alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wapinga Ulevi, mwanamke wa kofia kubwa na sauti kubwa zaidi, binti wa mwenye duka ambaye hajawahi kugusa mashine maishani mwake. Aliwahi kumwambia Zillah mbele za watu kwamba keki yake ni kavu. Njiani Zillah alimsamehe ile keki. Akaona kwa kweli ilikuwa kavu.

Walipofungua lango la bustani ya Enoch, Keziah alipiga yowe.

Katikati ya kabichi lilisimama sanamu la kufukuzia ndege, la matambara na majani, na kichwani lilivaa kofia nyeusi yenye cheri za nta.

"Kofia yake!" alilia Keziah. "Kamfukia, halafu kofia kaivisha sanamu! Mnyama! Na kunguru hata mmoja hayupo, mnaona? Wanaijua!"

Zillah aliweka kidole mdomoni. Wakanyata mpaka nyuma ya banda. Hapo palikuwa na udongo mpya, tuta lililofunikwa gunia. Zillah aliliinua gunia kwa ncha mbili za vidole. Chini yake udongo ulikuwa umeshindiliwa, na katikati palitokeza kitu cha duara, cheusi, kimezibwa na kipande cha mbao.

"Kamziba mdomo," alinong'ona Keziah.

"Bi Hephzibah," Zillah aliita. "Bi Hephzibah, unanisikia?"

Chini ya ardhi kitu kikanguruma. Kwa kirefu, kwa hasira.

"Yu hai!" Keziah alipiga magoti kwenye kabichi. "Vumilia, mama! Tumekuja! Yote niliyosema juu yako nayafuta! Usiongee sana, utapoteza nguvu!"

Dorcas alikuwa ameshaanza kuchimba. Ile mikono ilifanya kazi ya wanaume watatu, udongo ukaruka huku na huku, na baada ya muda mfupi zikaonekana mbao, na pete ya chuma, na pete nyingine.

Zillah aliacha kuchimba. Alitazama zile pete. Ndipo masharubu yakamrudia akilini, na ile m, na ile b, na ile p.

"Jamani," alisema. "Si bibi. Ni pipa."

"Kamtia ndani ya pipa!" alilia Keziah, akamnyang'anya Dorcas sepetu, akakipiga kile kizibo kwa nguvu zote za mama wa watoto saba.

Kizibo kiliruka. Kilipita sentimita chache kutoka kwenye sikio la Zillah, kikavuka banda, kikaing'oa ile kofia kichwani mwa sanamu kama risasi. Nyuma yake ikafuata bia. Haikumwagika, ilisimama. Ilipanda juu kama mti, ikafika juu ikafikiri kidogo, ikawarudia wote watatu vichwani, na povu lake.

Keziah alikaa pale pale chini akalamba mdomo.

"Huyu si Hephzibah," alikiri.

Zillah, bia ikimtiririka mpaka ndani ya viatu, alienda moja kwa moja mpaka mlango wa banda akausukuma. Birika la Ebeneza lilikuwa limekaa juu ya jiko la mkaa, limejaa shayiri iliyochemshwa mpaka kwenye masikio, koki imefungwa soksi.

Alilishika kwa mikono miwili, akalia. Hakulia kwa huzuni. Wiki nzima watu walikuwa wakimwamkia kwa huruma.

"Bi Pickup?" ilisema sauti nyuma yake.

Enoch alikuwa amesimama langoni na Job Rigby, kila mmoja na kikombe mkononi. Job alitazama pipa, akatazama wanawake, akatazama sepetu mkononi mwa Dorcas, akakumbuka ana shughuli mahali pengine. Hakuonekana tena siku ile.

"Wewe fundi!" Zillah alitoka akimwelekezea kidole. "Birika la Bwana umelivalisha soksi! Wiki nzima nimeitwa mwizi kwa macho!"

"Ningelirudisha," alisema Enoch, masharubu yanatetemeka. "Nilihitaji kitu cha kuchemshia. Bibi yangu haondoki, Bi Pickup. Miaka ishirini na miwili hajaondoka hata siku moja. Dada yake alipoanguka nikasema nafasi ndiyo hii, haitarudi. Nikataka nionje bia mara moja tu kabla sijafa. Pipa lenyewe hata sijalionja!"

"Sisi tumekuonjea," alisema Keziah kutoka chini. "Si mbaya. Imezidi uchungu kidogo."

Zillah alifungua mdomo amalizie hasira yake, na hapo hapo garimoshi likapiga honi chini kwenye kituo, na dakika chache baadaye, kwenye njia ile ile, ikasikika sauti ambayo mji mzima uliijua.

"… nikamwambia, dada, mguu ni wako, lakini ngazi ilikuwa yangu. Enoch! Enoch, uko huko?"

Bi Hephzibah Sugden alipanda mpaka langoni, mzima, na kofia mpya ya manyoya kichwani. Nyuma yake Mchungaji Pilling alihema na mabegi mawili. Wote wawili wakasimama. Mbele yao kulikuwa na wanawake watatu waliolowa, kabichi zilizolala, shimo, na hewa ambayo mtu angeweza kuitafuna.

Hakuna aliyesema neno. Yaani, hakuna aliyesema neno la kusikika. Kwa sababu Zillah alikuwa ameshamgeukia Enoch, na midomo yake ilikuwa inakwenda.

"Utasema ulilichukua kuitengeneza koki," aliumba kwa midomo. "Utasema mimi sikujua kitu. Sasa hivi."

"Ndiyo," yalijibu masharubu.

"Na mashine zetu zikiharibika, unaanza na zetu. Mpaka Krismasi."

"Mpaka Krismasi?" Enoch alishtuka. "Wengine watanichinja!"

Zillah alimwangalia Hephzibah, akavuta pumzi kama anayetaka kusema kwa sauti.

"Mpaka Krismasi!" midomo ya Enoch ilisema haraka.

"Kwa nini mnatafuna?" aliuliza Mchungaji Pilling.

"Mke wangu," Enoch alisema kwa sauti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema uongo bila kutoa jasho, maana jasho lote lilikuwa limeshatoka, "birika la kanisa nililichukua mimi, kwa ufunguo wako. Koki ilikuwa inavuja. Nilitaka iwe zawadi. Bi Pickup hakujua. Kosa ni langu kutomwambia."

"Nilisema sikushuku!" Mchungaji alimwambia Zillah kwa furaha.

"Na hii harufu?" Pua ya Hephzibah ilikuwa inafanya kazi.

Enoch alitazama mawingu. Kazi ikafanywa na Dorcas.

"Mbolea," alisema Dorcas.

"Mbolea ya maji," alidakia Keziah. "Ya kabichi. Inachacha pipani. Fundi alituita tumsaidie kuifungua, nayo, unavyoona, ina nguvu."

"Inanuka kama …" Hephzibah alisita. Mwenyekiti wa Wapinga Ulevi hangeweza kumalizia mbele ya Mchungaji kwamba anaijua harufu ile. Akafunga mdomo. Halafu macho yake yakaangukia matopeni. "Enoch. Ile si kofia yangu ya zamani?"

Sanamu lilisimama kichwa wazi. Cheri za nta zilikuwa zimezama kwenye povu.

Enoch aliiokota kofia, akaifuta kwa mkono wa shati lake. Hapo hakumtazama Zillah, wala mtu mwingine.

"Ulipoondoka nyumba ikawa kimya," alisema. "Nikaileta hapa. Nikiinua kichwa nione kama upo."

Zillah alimsoma midomo, kwa mazoea tu, na aliona kwamba hilo lilikuwa kweli. Hephzibah alimshika mumewe mkono, akamwambia twende nyumbani ukabadilishe shati, unanuka mbolea.

Jumapili baada ya ibada, wale wanawake watatu walilisugua birika kwa magadi, kwa siki, kwa mchanga, kisha kwa magadi tena. Lilimeta kama jua, lakini ukiingiza pua ndani ulikutana na Enoch. Hapakuwa na la kufanya. Jumatatu bendera zilizunguka mji, tarumbeta zikalia, mvua ikanyesha kidogo kama ilivyo desturi yake, na watu mia moja na themanini wakarudi ukumbini na kiu. Zillah alifungua koki.

Wa kwanza kunywa alikuwa mzee Lomax, kiziwi, miaka themanini na mitatu. Alionja, akaleta kikombe tena. Wa pili akaleta tena. Nusu saa baadaye foleni ilikuwa imefika mlangoni, na watu wa Ebeneza, ambao kwa kawaida huimba wimbo mmoja kisha huchukua makoti, walikuwa kwenye wimbo wa sita na bado walikuwa wanaomba mwingine.

"Bi Pickup," alisema Mchungaji Pilling, shingo nyekundu, "mwaka huu umeweka nini?"

"Siri ya jikoni, Mchungaji."

Bi Hephzibah alipita kwenye meza akiwa na kikombe cha nne. Alisimama. Aliuzungusha ushanga wake mara mbili.

"Nimesikia watu walikufikiria vibaya nilipokuwa sipo," alisema. "Ningekuwepo ningewanyamazisha."

"Najua," alisema Zillah. Na kwa kweli alijua.

"Keki yako pia leo si kavu."

Zillah alimjazia kikombe. Walipokwisha watu alivua viatu vyake vya mbao, akakaa juu ya sanduku la sahani kati ya Keziah aliyekuwa anaimba peke yake na Dorcas aliyekuwa anafuta vijiko, akajimiminia kikombe chake cha kwanza. Ilikuwa chai mbaya kuliko zote alizowahi kupika. Aliinywa yote, akanyoosha mkono kwenye koki.